Mgeni Alalaye kwa Kodi

Miongoni mwa mambo yaliyotuingilia sisi watu wa pwani katika miaka hii, na ambayo sijaona mtu akiyaandika kwa uwazi, ni hili la jamaa zetu wanaorudi kutoka ng'ambo kwa likizo na kupanga fleti ufukweni badala ya kufikia nyumbani kwao. Zamani jambo hili halikuwa na jina. Mtu akitoka Lamu, Unguja au Maskati akashuka Mombasa, watu waliuliza afikia kwa nani. Hapana aliyeuliza afikia wapi. Leo mtu hushuka uwanja wa ndege akiwa amekwisha kulipa siku kumi kwa simu, na jamaa zake humwona kesho yake, pengine siku ya tatu.

Nami nimeonelea niliseme kama nilivyoliona, kwa kuwa mwezi wa Agosti uliopita nililala usiku saba katika fleti ya namna hiyo, huko Shanzu, kaskazini ya Mombasa. Aliyepanga ni ndugu yangu anifuatiaye kuzaliwa, akaaye Uingereza kwa miaka mingi sasa, pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Mama yetu ana umri wa miaka 78 na nyumba yake iko Mji wa Kale. Khabari ilipomfikia aliweka kikombe chini akasema, "Mwanangu yuwaja Mombasa alale kwa kodi, na mimi ni hai?" Hakusema zaidi, na kwa siku mbili hakumtaja mwanawe kwa jina.

Sasa tuwe waadilifu. Nyumba ya mama ina vyumba vitatu, choo kimoja, na watu wanane tunaoishi humo kila siku. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na yasipokuja hununua mitungi kwa mkokoteni. Wageni sita wakiingia humo, vijana wa kiume watalala ukumbini, wasichana watalala na bibi yao, na mama, kwa tabia yake, ataamka kabla ya alfajiri akande unga wa mahamri ya watu kumi na wanne. Ndugu yangu aliniambia, "Dada, mara ya mwisho tuliondoka tukamwacha mama kitandani na miguu imevimba. Nikirudi tena nimfanye mtumishi?" Basi nilikumbuka kuwa dini yetu iliyomwekea mwenyeji haki za mgeni kwa siku tatu, na ikasema kitolewacho baada ya hapo ni sadaka, ni hiyo hiyo iliyomkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhiki. Sehemu ya kwanza tunaijua sote, na tunaisoma kwa sauti. Hiyo ya pili aghlabu tunaipita mbio.

Ama fleti yenyewe, ilikuwa ghorofa ya tatu, ya vyumba vitatu na vyoo viwili, na mbele yake roshani. Nasema roshani kwa kukosa neno jingine. Roshani za Mji wa Kale zilitiwa mbao za kimia ili mwanamke aketi apate upepo, aone njia, wala njia isimwone. Hii ya Shanzu ilikuwa kioo kitupu, juu hadi chini, na ng'ambo ya ua fleti nyingine zikitukabili na vioo vyao. Wazee wetu walijenga miji yao juu ya bahari kabisa, lakini hawakuzielekeza nyumba zao baharini. Tazama nyumba za mawe za Lamu: kuta nene za matumbawe, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, na uwazi wote uko ndani, kiwandani. Bahari ilikuwa mahali pa kazi na safari. Huyu mjenzi wa leo amefanya kinyume, ameuza bahari kwa kupitia dirishani, na kwa kuwa dirisha hilo latazama mashariki, saa moja ya asubuhi jua limekwisha ingia mpaka jikoni na kila mtu anatafuta pazia. Kwa hivyo tukakaa siku saba mbele ya bahari nyuma ya mapazia yaliyofungwa, isipokuwa jioni.

Jambo moja lilinifurahisha. Mombasa na Makka zimelingana takriban katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hata kibla chetu ni kaskazini hasa. Mtu akisimama katika roshani ile akaitazama bahari, kibla ki mkono wake wa kushoto. Watoto wa ndugu yangu, ambao huko kwao huuliza simu, walijifunza hilo siku ya kwanza. Yule mkubwa akauliza kama watapunguza swala. Baba yake akamweleza kuwa katika madhehebu ya Shafii anuiaye kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huswali kama mkaazi. Nami nikaongeza kuwa sisi wa Mji wa Kale hatukuwa na safari yoyote, tulivuka daraja tu.

Na daraja hilo lina sehemu yake katika khadithi hii. Hili la Nyali tulitumialo sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake lilikuwako lile la kuelea, tangu 1931, na Nyali yenyewe ilikuwa shamba la katani. Hoteli kubwa ya ufukweni ilifunguliwa huko 1946, zikafuata nyingine mpaka Bamburi na Shanzu. Fleti za kuuzwa moja moja zimekuja nyuma ya hizo, na sheria ya 1987, iliyobadilishwa 2020, ndiyo iliyomwezesha mtu kuwa na hati ya ghorofa yake bila ya kumiliki jengo zima. Ndiyo maana mwenye fleti yetu hakujulikana hata na bawabu. Yuko mbali, funguo ziko kwa wakala, na wakala hakuonekana ila siku ya kuhesabu vyombo.

Tangazo lilisema pwani iko hatua chache kutoka mlangoni. Hatua zilikuwa chache kweli kwa ndege arukaye. Mbele ya jengo palikuwa na ukuta wa hoteli ya jirani, na kuifikia bahari ilibidi kutoka langoni, kufuata barabara, kisha kuingia kichochoro baina ya kuta mbili, chenye vigae vya chupa, ambamo wavuvi hupita na nyavu zao. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, imeitaja ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Lakini haki ya mchanga haifai kitu ikiwa njia ya kuufikia yaendelea kubanwa kila mwaka kwa ukuta mpya. Mzee mmoja mvuvi aliniambia kuwa alipokuwa kijana akishuka baharini popote alipotaka. Alisema bila ya hasira, kama mtu asemaye khabari ya mvua, huku akisubiri tupite kwanza kwa kuwa njia haikutosha watu wawili.

Tena palikuwa na khabari ya maji ya bahari, ambayo wageni hawaambiwi na wenyeji wanaisahau. Tulifika siku za bamvua. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne za asubuhi yamekupwa mpaka mwambani. Watoto waliamka, wakala, wakavaa nguo za kuogelea, wakashuka, wakakuta bahari imeondoka na kuwaachia mawe, viti vya maji na chungu za mwani. Nao mwezi wa Agosti ni wa kusi, na kusi huusukuma mwani pwani ukaoza kwenye jua ukanuka. Walinuna sana. Nikawaambia kila siku maji huchelewa karibu dakika hamsini, wahesabu, na mwisho wa wiki watayapata asubuhi. Walihesabu na waliyapata. Na nadhani jambo hilo watalikumbuka zaidi kuliko bwawa la chini, ambalo sisi wanawake hatukuligusa, kwa kuwa lilikuwa katikati ya ua na kila roshani ikilitazama.

Wanawake tulishuka baharini baada ya swala ya alfajiri, kabla kichochoro hakijajaa watu. Mama hakuwa ametia mguu katika bahari ya wazi tangu mimi ni msichana. Tuliishi naye maisha yote juu ya kisiwa, akisikia honi za meli, na bahari akiiona kwenye sahani ya samaki. Asubuhi ya tatu tulimshika huku na huku, buibui limeloa mpaka magotini, akasimama humo muda mrefu asiseme neno, kisha akamwambia mkwewe, "Yavuta mchanga chini ya nyayo, wasikia?" Miguu ile ile iliyovimba. Siwezi kuandika kuwa fleti haina kheri yoyote baada ya kuona hayo.

Lakini jikoni ndiko nilikosikitika. Fleti hutangazwa kuwa ni bora kuliko hoteli kwa familia, kwani ina jiko. Maana yake ni nini? Ni kuwa wanaume na watoto wamo likizoni na mwanamke amehamishwa jiko. Mke wa ndugu yangu hufanya kazi siku tano za wiki huko Uingereza. Alikuja Mombasa akasimama mbele ya jiko la watu asilolijua, lenye sufuria mbili ndogo, kisu butu, na bilauri sita za mvinyo zilizopangwa vizuri kuliko kitu kingine chochote. Hapakuwa na chuma cha chapati, wala kinu, wala mbuzi ya kukunia nazi. Vyombo tulivisuuza vyote upya, kwa maji na sabuni, tusijue vilipikiwa nini, mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwa swahaba aliyeuliza khabari ya vyombo vya wasiokuwa Waislamu yaturuhusu kutumia baada ya kuosha pasipopatikana vingine. Chooni palikuwa na karatasi tu, tukanunua makopo. Na maji ya mfereji yalikuwa ya chumvi, ya kisima, hata chai ya siku ya kwanza ilimwagwa. Kuanzia hapo tulinunua maji ya kunywa na ya kupikia kwa mitungi, kama nyumbani, ila sasa twayapandisha ngazi tatu, kwa kuwa lifti ilikuwa imeharibika kwa kutu. Siku ya pili mbuzi, chuma cha chapati na sufuria kubwa vililetwa kwa tuktuk kutoka Mji wa Kale. Jioni hiyo ndugu yangu aliingia jikoni mwenyewe, akawaita wanawe wa kiume, akasema kuanzia kesho asubuhi chai na mikate ni juu yao. Mahamri yao yalikuwa magumu. Mama aliyala mawili.

Nililolichukia kuliko yote lilikuwa lango. Siku ya nne mama mkubwa, dada yake mama, alipanda matatu kutoka Kisauni na sahani ya vitumbua kichwani mwa mjukuu wake, kuja kumwona mwana wa nduguye. Hakupiga simu. Kwa nini apige? Tangu lini mtu akapiga simu kabla ya kuja kwa dada yake? Bawabu akamtaka kitambulisho, nambari ya fleti na jina la mpangaji. Kitambulisho alikiacha nyumbani, nambari haijui, na mpangaji yeye amjua kwa jina la utotoni ambalo halimo katika kitabu cha bawabu. Simlaumu sana kijana yule; ndiyo kazi aliyopewa, na mtu akiibiwa yeye ndiye atakayeulizwa. Mama mkubwa alikaa juu ya jiwe kwa muda, kisha akarudi zake. Tulipata khabari saa moja usiku. Ndugu yangu alitoka bila ya kula, akaenda Kisauni, akala vitumbua vilivyopoa na hakurudi ila usiku wa manane.

Alfajiri yake tuliketi naye katika ile roshani. Akaniambia kwamba huko akaako milango yote ni ya namna ile, na mtu hutoa ahadi ya wiki mbili kabla ya kumtembelea ndugu yake. Amezoea, haoni tena. "Lakini sikujua kuwa nimeuleta mlango wenyewe huku," alisema. Kelele za muziki wa hoteli ya jirani zilikuwa zimenyamaza saa nane za usiku, na adhana hatukuisikia kwa vioo. Tulitazama saa, tukaswali.

Siku ya kuondoka wakala alikata fedha kwa bilauri moja iliyovunjika. Zilizobaki tano tulimhesabia mbele yake, safi, hazijatumiwa.

Katika mwezi wa Disemba ndugu yangu alipiga simu kusema kuwa, inshallah, watakuja tena. Mama akachukua simu. Akamwambia siku tatu za mwanzo ni zake yeye, walale wote Mji wa Kale, hata kama ni juu ya mikeka, na mama mkubwa atakuwapo. Baada ya hizo wende watakako. Walizungumza mengine, ya watoto na baridi ya huko. Kisha, karibu ya kukata, nikamsikia akimwuliza kwa sauti ndogo kama wakati huu wanaweza kupata ya chini, iliyo upande wa kile kichochoro, kwa kuwa ngazi zile zamchosha.