Mkebe wa Namba Ishirini

Kitabu cha kwanza nilichokipenda kilikuwa kimechanika. Ni Le Sorcier de la Montagne de Feu, tafsiri ya Kifaransa ya kitabu ambacho Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walikitoa mwaka 1982. Nilikiazima kwa jirani, hapa Bukavu, nikiwa na miaka 12. Hakisomwi kwa kufuata kurasa. Kimegawanywa katika vifungu 400, na kila kifungu kinakupa njia: ukitaka kufungua mlango nenda namba hii, ukitaka kukimbia nenda namba ile. Ukikutana na adui, unarusha dadu mbili. Kila nilipoelekezwa kwenye kifungu ambacho ukurasa wake haukuwepo, nilibaki nimesimama mlangoni bila kujua ndani kuna nini. Nikaanza kuvitunga mwenyewe vifungu vilivyopotea. Ndivyo nilivyoingia katika mchezo ambao sijatoka ndani yake hadi leo.

Wengi wenu hamjawahi kuuona ukichezwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwa namba kwenye karatasi: nguvu, ustadi, bahati. Msimulizi anaeleza mahali walipo, mchezaji anasema anachofanya, na pale ambapo matokeo hayana hakika dadu inaamua. Kwa kawaida hakuna anayemshinda mwenzake. Wa kwanza kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ambao walikuwa wakicheza michezo ya vita kwa askari wadogo wa mezani. Baadaye nilipata fotokopi ya kanuni zake kwa Kifaransa. Zilitaka dadu ya pande 20, kitu ambacho hatukuwa nacho wala hatukujua pa kukinunua. Tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, tukavitia katika mkebe wa maziwa ya unga, tukatikisa. Ilichukua miezi kugundua kwamba binamu yangu alikuwa ameikunja pembe ya karatasi yenye 20.

Huyo binamu ndiye hasa ninayetaka kumzungumzia, lakini kwanza picha.

Nadhani nilipenda picha kabla ya kanuni. Ndani ya kile kitabu kilichochanika kulikuwa na michoro ya Russ Nicholson, ya wino mweusi, mistari midogo imesongamana hadi ngozi ya zimwi unahisi unaweza kuigusa. Niliiga yote kwa kalamu ya Bic kwenye daftari la hesabu. Halafu likaja joka la Larry Elmore, lile la sanduku la Dungeons & Dragons la mwaka 1983: shujaa mmoja, upanga mkononi, mbele yake joka jekundu limetanua mbawa. Kwenye fotokopi yangu lilikuwa la kijivu. Nilipoliona kwa rangi, miaka mingi baadaye, nilihuzunika kidogo. Langu lilikuwa la kutisha zaidi. Nilipomwonyesha binamu askari wangu aliyevaa chuma toka kichwani hadi miguuni, alimtazama kwa muda mrefu kisha akauliza: « Yaya, huyu mutu akiangukia mu Ruzizi, atatoka? »

Sikuwa na jibu. Katika picha zile msitu ni mahali pa hatari tupu, ambapo shujaa hupita ili afike kwingine. Hakuna anayekwenda huko kutafuta kuni au asali.

Binamu aliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari kwa kukosa pesa, akawa motari. Jioni alikuwa anakuja kukaa nasi mezani. Sisi tulicheza kwa Kifaransa, kwa sababu kanuni ziliandikwa kwa Kifaransa na, niseme ukweli, kwa sababu tulijiona wasomi. Yeye, ambaye kwenye maegesho ya pikipiki aliweza kuwashika watu kwa hadithi hadi wasahau wanakokwenda, mezani petu alikuwa anasema maneno mawili tu: « J'attaque. » Kila mara. Mhusika wake alikufa mara sita. Tulimcheka, tukasema hana mawazo.

Usiku mmoja umeme ulikatika na sikuweza kusoma maelezo niliyoyaandika. Nikasimulia kwa kichwa, na kwa kichwa ilitoka Kiswahili. Si hiki ninachowaandikia; walimu wangu watanisamehe, kilikuwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Nikasema mlango umefunguka, mama mzee ametokea, anauliza mnatafuta nani. Binamu akamwamkia. Akamuuliza habari za watoto. Akamwomba maji ya kunywa, na akiwa anakunywa akachunguza kimya kimya ni nani mwingine anayeishi mle ndani. Dakika 20 hatukugusa mkebe. Wenzetu walinyamaza, na mimi niliona aibu ambayo bado ninayo, kwa kuwa miaka miwili nilikuwa nimedhani kwamba asiyesema hana la kusema.

Tangu siku hiyo tulicheza kwa Kiswahili, na majina yakaanza kunisumbua. Joka ni nyoka mkubwa tu, halina miguu. Zimwi lilikuwa karibu zaidi. Nilipofika kitivoni nikakutana na utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, alioutamba Candi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mle ndani kuna Kirimu, dubwana lenye vichwa saba. Mwindo analiua. Lakini Kirimu alikuwa amefanya udugu wa damu na Nkuba, yaani Radi. Harufu yake inamfikia Nkuba huko juu, naye anashuka, anamchukua Mwindo, na huko angani shujaa anateswa na Mvua, Mwezi na Jua. Anarudishwa baada ya mwaka mzima, kwa sharti kwamba asiue tena mnyama.

Katika kanuni zangu za fotokopi, anayeua joka anaongezewa pointi.

Nikalitia mezani bila kumwonya mtu. Binamu, mwenye mhusika aliyeishi miezi minane, alilizunguka Kirimu kwa akili, akatoa 19 kwenye mkebe, akaliua. Kelele zikasikika hadi barabarani. Nikaacha washangilie, kisha nikasema: nyama inachomwa, harufu inapanda, mbingu inanguruma. Nilipomaliza kueleza mhusika wake amekwenda wapi, aliinuka. Alisema nimemdanganya, kwamba hakuna aliyemwambia kama lile dude lilikuwa na ndugu. Nilimjibu kwamba hata Mwindo hakuambiwa. Jibu hilo halikumsaidia, na sasa nadhani halikuwa jibu. Akawasha pikipiki yake, akaenda.

Alikaa wiki tatu bila kuja. Aliporudi aliketi mahali pake, akachora mhusika mpya, dhaifu kuliko yule wa kwanza, bila upanga. Nikaanza kusimulia: kuna pango, ndani kuna kitu kinapumua. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono kuchukua mkebe. Binamu akauzuia kwa kiganja.

« Ngoja kwanza, » akasema. « Yaya, hiki kitu, rafiki yake ni nani? »