Projesteroni: Mlinzi wa mimba changa, na lawama zisizo na msingi

Huenda nawe umewahi kumsikia mama akiambiwa kwamba mimba yake imetoka kwa kuwa alibeba mtungi wa maji, alipanda matatu iendayo kasi au alikasirika kupita kiasi. Mimi niliambiwa yote matatu. Nilipopoteza mimba ya pili, ikiwa na wiki tisa, mavyaa wangu aliniletea uji kwa mkono mmoja na lawama kwa mkono wa pili. Mume wangu naye alikaa kimya, asijue amtetee nani. Ndiposa leo nataka tuzungumze kuhusu homoni iitwayo projesteroni, kwani ukiielewa, lawama nyingi za aina hii zitakwisha.

Kila mwezi yai linapotoka kwenye ovari, kifuko lilimokuwa hugeuka kuwa tezi ndogo ya manjano. Kazi ya tezi hii ni kutengeneza projesteroni, ambayo huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe laini na wenye lishe, na kuutuliza mji wenyewe usijikaze. Yai lisiporutubishwa, tezi hunyauka baada ya wiki mbili hivi, projesteroni hushuka na hedhi huja. Lakini yai likirutubishwa na kujishikiza, mimba hutoa homoni yake, ile tunayoitafuta tunapopima mkojo, kuiambia tezi iendelee na kazi. Baada ya wiki kadhaa, kondo la nyuma huchukua zamu.

Jambo hili si geni. Kufikia mwaka 1930, George Corner na Willard Allen wa Rochester, Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba sungura wenye mimba changa wakitolewa ovari, mimba huharibika; lakini wakidungwa dawa iliyotolewa kwenye tezi hiyo ya manjano, mimba huendelea. Katika miaka ya 1940, Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Tafadhali usikimbilie viazi vikuu sokoni! Kazi ile ilifanyika maabarani, na mwili wetu hauwezi kuifanya.

Je, kila mama anayepoteza mimba apewe projesteroni? La hasha. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na hitilafu katika kromosomu, na hakuna kidonge kiwezacho kuzirekebisha. Aghalabu projesteroni hushuka kwa sababu mimba tayari imeshindwa, wala si kwamba mimba imeshindwa kwa sababu ya projesteroni.

Utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwahusisha zaidi ya wanawake 800 wa Uingereza na Uholanzi waliokuwa wamepoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana. Waliopewa dawa hiyo walijifungua kwa kiwango kisichotofautiana sana na wenzao. Mwaka 2019 ukaja mwingine, wa wanawake zaidi ya 4,000 wa Uingereza waliotokwa na damu katika mimba changa. Kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo, lakini miongoni mwa waliowahi kupoteza mimba tatu au zaidi, 72 kati ya 100 waliotumia dawa walijifungua, ilhali wasioitumia walikuwa 57. Tangu mwaka 2021, mwongozo wa madaktari wa huko unasema mama anayetokwa na damu, na aliyewahi kupoteza mimba, apewe dawa hiyo.

Nilipopata mimba ya tatu, damu ilionekana katika wiki ya saba. Daktari alinipiga picha, akaona moyo wa mtoto unadunda, kisha akaniandikia vidonge vya kuweka ukeni asubuhi na jioni. Aliniambia, "Mama, dawa hii inaweza kukusaidia, lakini sikuahidi." Leo binti yangu anaimba nyimbo za chekechea nyumba nzima. Je, ni dawa iliyomwokoa? Siwezi kukuapia. Huenda angezaliwa hata bila hiyo. Ninalojua ni kwamba nilitibiwa bila kulaumiwa, na hilo pekee lilinipa usingizi.

Kwa wanaotafuta mtoto kwa njia ya yai kurutubishwa maabarani, mambo ni tofauti kidogo. Dawa wanazopewa hudhoofisha ile tezi ya manjano, na wengine wanaowekewa kiinitete kilichohifadhiwa kwenye barafu huwa hawana tezi hiyo kabisa mwezi huo. Kwao projesteroni ni lazima, na kuiacha bila idhini ya daktari ni hatari kwa mimba. Wajue pia kwamba dawa hii huweza kuleta usingizi, kujaa kwa matiti na kuchelewa kwa hedhi, dalili zilezile za mimba. Basi wasishangilie wala wasikate tamaa kabla ya kupimwa damu.

Dada yangu, ukiona damu ukiwa mja mzito, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na usiazime vidonge vya jirani, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba, nayo huua. Nawe kaka, usimwache mkeo aende peke yake. Ingia naye kwa daktari, usikie kwa masikio yako. Na enyi mama wakwe, mkaza mwana anapopoteza mimba amefiwa. Mpeni pole kama mfiwa mwingine yeyote.