Kupanga Masomo ya Falsafa: Neno kwa Vijana na Wazazi Wao



Kila mwaka, msimu wa udahili wa vyuo vikuu unapowadia, ofisi ya parokia hupokea wageni wa aina mbili: vijana wanaohitaji barua za utambulisho, na wazazi wanaotaka kuelezwa ni kitu gani hasa vijana wao wameomba kusoma. Mwaka huu binti mmoja wa parokia yetu amepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya falsafa. Ni mlei, wala hana mpango wa kuingia utawani. Baba yake, aliyeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza, aliniuliza swali fupi: "Padre, falsafa italisha nani?" Binti naye alikuja na orodha ya kozi, za lazima na za hiari, akiomba nimsaidie kuzipanga. Nimeongea nao ana kwa ana. Lakini kwa kuwa maswali yao ni ya familia nyingi, na kwa kuwa wameniruhusu, nimeona yafaa tafakari ya wiki hii iwe juu ya jambo hilo.

Watu wengi hudhani falsafa ni elimu ya mapadre. Ni kweli kwamba Kanisa halimpi mtu daraja ya upadre bila falsafa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 250, zinadai walau miaka miwili kamili ya falsafa na minne ya teolojia. Mwaka 2011 Idara ya Elimu Katoliki ya Vatikani ilitoa dekreti iliyoongeza muda wa shahada ya kwanza katika vitivo vya falsafa vya Kanisa, kutoka miaka miwili hadi mitatu. Dekreti hiyo ilitaja pia masomo yasiyoweza kukosekana: historia ya falsafa, mantiki, nadharia ya maarifa, metafizikia, falsafa ya maumbile, falsafa ya mtu, falsafa ya maadili na siasa, na falsafa ya Mungu. Hata mlei anayesoma katika chuo cha serikali anaweza kuitumia orodha hiyo kama kipimo. Akimaliza miaka mitatu pasipo kugusa mantiki wala metafizikia, basi amepewa nyumba isiyo na msingi.

Tuanze na mantiki, kwa sababu ndiyo kozi ambayo wanafunzi wengi huiahirisha. Inafanana na hesabu, ina alama na mazoezi, na ukikosea umekosea. Huwezi kujificha nyuma ya maneno mazuri. Nami nasema iwe ya kwanza, muhula wa kwanza kabisa. Tazameni mfano huu: kila mwizi huwaogopa polisi, kijana huyu amewakimbia polisi, kwa hiyo kijana huyu ni mwizi. Sentensi mbili za kwanza zaweza kuwa kweli, na ya tatu ikawa uongo, kwa sababu wanaowaogopa polisi si wezi peke yao. Kosa hilo lina jina katika vitabu vya mantiki tangu kale. Mitaani kwetu kosa hilo hilo limewahi kumwagia mtu petroli. Ndugu zangu, msiniambie kwamba elimu inayofundisha kulitambua kosa la namna hiyo ni anasa ya wenye nafasi.

Pamoja na mantiki, historia ya falsafa iende hatua kwa hatua, muhula baada ya muhula: Wayunani, kisha zama za kati, kisha falsafa ya kisasa, hatimaye ya siku zetu. Sababu ni kwamba wanafalsafa hujibizana. Aristotle anamjibu Plato. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, anazungumza na Aristotle, na pia na Waislamu wakubwa Ibn Sina na Ibn Rushd. Kant, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1781, anamjibu Hume. Atakayeingia katikati ya mazungumzo hayo atafanana na mtu aliyefika kwenye baraza la ukoo saa kumi jioni, ilhali shauri lilianza asubuhi. Atasikia sauti kali asijue kinachogombaniwa.

Hapo ndipo naiweka pia falsafa ya Kiafrika, na ningependa vijana wetu wasiikose. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliichunguza lugha ya Kinyarwanda akaona kwamba kila kilichopo huangukia katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Sikio la Mswahili hutambua mara moja undugu wa umuntu na mtu, wa ikintu na kitu. Mafungu mengine mawili ni ya mahali pamoja na wakati, na ya namna. Lakini Kagame alikuwa anazungumza na Aristotle, aliyekuwa ameorodhesha mafungu kumi. Mwanafunzi asiyeyajua yale kumi hatauona uzito wa haya manne. Na mwanafunzi aishiaye kwenye yale kumi hatajiuliza kamwe lugha ya mama yake inasema nini juu ya ulimwengu. Kisha amsome Paulin Hountondji wa Benin, aliyewapinga kwa nguvu Kagame na Padre Placide Tempels, akisema kwamba imani za pamoja za kabila bado si falsafa mpaka mtu ajitokeze na hoja zake na kuzitetea. Ubishi huo unatuhusu. Ndiyo maana nimemshauri binti yetu aichukue kozi hiyo mwaka wa pili, atakapokuwa na silaha za kushiriki.

Sasa niseme juu ya muda, maana Bwana wetu mwenyewe alimsifu mjenzi anayeketi kwanza na kuhesabu gharama ya mnara wake. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Mihula miwili yenye wiki 16 kila mmoja inatupa wiki 32. Kwa hiyo mwanafunzi anadaiwa karibu saa 38 kila wiki. Saa za mihadhara ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki ni za kusoma na kuandika, peke yake, bila kengele wala msimamizi. Kwa hiyo asiweke kozi mbili za vitabu vizito katika muhula mmoja. Metafizikia na Kant kwa pamoja humchosha hata mwenye bidii. Kila muhula uwe na kitabu kimoja kigumu, kozi moja ya historia, kozi moja ya maadili au siasa, na kozi moja ya mazoezi kama mantiki au lugha. Wala asichague kozi za hiari kwa sababu tu amesikia kwamba mhadhiri fulani ana mkono mwepesi wa alama. Ng'ombe wa nyumbani hawakuuzwa kwa ajili ya herufi A.

Seminarini tulikuwa na mwalimu, padre mzee, aliyetuwekea sharti moja: hakuna aliyeruhusiwa kupinga hoja ya mwandishi au ya mwenzake kabla hajaieleza upya kwa namna ambayo mwenye hoja angesema, "Naam, ndivyo nilivyomaanisha." Nilipomsoma Mtakatifu Tomaso nikakuta naye anafanya hivyo. Kila swali huanza na hoja za wapinzani, tena zimepangwa kwa haki, ndipo jibu lake lifuate. Zoezi hilo nalitumia hadi leo ofisini, wanandoa wanapokuja wamegombana juu ya heshima. Namwomba mume aniambie mkewe anamaanisha nini kwa neno hilo, kisha mke vilevile juu ya mumewe. Mara nyingi tunagundua kwamba neno ni moja na maana ni mbili. Basi vijana, mkichagua kozi, tafuteni zile zinazowadai kusoma maandishi ya wanafalsafa wenyewe na kuandika insha, kuliko zile za kukariri muhtasari wa mwalimu.

Mwishoni mwa mwaka wa pili, mwanafunzi awe na swali lake mwenyewe, maana mwaka wa tatu utamdai andiko la mwisho. Swali likishapatikana, kozi zilizobaki hujipanga zenyewe. Tuchukue mfano: je, mtu anaweza kusamehe kwa niaba ya mwingine? Katika ugomvi wa ardhi, mzee husimama akasema ukoo umesamehe. Na yule aliyepigwa panga, amesamehe? Mwenye swali hilo atahitaji maadili, atahitaji falsafa ya mtu ili ajue kama ukoo una nafsi, na hatapoteza kitu akiongeza kozi ya sheria.

Na hapa narudi kwenye swali la chakula, maana mzazi anayeliuliza hatendi dhambi. Nisiwadanganye: tangazo la kazi linalomtafuta mwanafalsafa ni adimu, na falsafa haimo miongoni mwa masomo ya kawaida ya sekondari zetu. Shahada ya falsafa peke yake haimfanyi mtu mwalimu. Kwa sababu hiyo, nafasi za kozi za hiari zisitawanywe ovyo huku na huko. Zielekezwe upande mmoja: ualimu, sheria, uchumi, takwimu, au lugha, kwa kadiri chuo kinavyoruhusu; na jambo hilo liulizwe ofisi ya kitivo kabla ya kusaini fomu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, alikuwa na falsafa ya maadili miongoni mwa masomo yake, pamoja na uchumi, historia na sheria ya katiba. Falsafa ilimfundisha kuuliza, na masomo mengine yakampa mambo ya kuulizia.

Lipo hofu jingine, ambalo akina mama huninong'oneza: kwamba falsafa itampokonya mtoto imani. Silichukulii kwa wepesi. Lakini kumbukeni kwamba Mtume Paulo alisimama Areopago akajadiliana na Waepikuro na Wastoa bila kukimbia. Mtakatifu Agostino aliwashwa moto wa kuitafuta hekima akiwa kijana wa miaka 19, kwa kusoma kitabu cha Cicero, mpagani. Edith Stein, binti wa Kiyahudi aliyekuwa ameacha kusali, alipata udaktari wa falsafa mwaka 1916 chini ya Husserl, akabatizwa tarehe 1 Januari 1922, akawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942. Leo tunamwita Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Fides et Ratio wa mwaka 1998, alitetea akili ya mwanadamu kwa ari ambayo wasomi wengi wasio na dini hawakuitazamia.

Hata hivyo busara inahitajika katika kupanga. Falsafa ya Mungu isichukuliwe muhula wa kwanza. Ije baada ya mantiki na metafizikia, wakati mwanafunzi anaweza kupima hoja, iwe ni ya anayekubali au ya anayekana. Na anapomsoma Nietzsche au Marx, amsome mwenyewe, taratibu, na awe na mtu mzima katika imani wa kuzungumza naye: kapeleni wa chuo, mhadhiri Mkatoliki, au padre wake. Imani ya utotoni inapoulizwa maswali ya utu uzima huhitaji majibu ya utu uzima, na hayo hayapatikani kwa kumficha mtoto vitabu.

Vijana wote mliopata nafasi za vyuo mwaka huu, iwe ni falsafa au fani nyingine, njooni ofisini Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Leteni mwongozo wa kozi wa chuo chenu, kalamu na daftari. Wazazi pia mnakaribishwa. Tutaketi pamoja na kupanga muhula wa kwanza. Na jumuiya ndogondogo zenye kijana anayehangaikia ada, naomba zilifikishe jambo hilo kwa kamati ya elimu ya parokia kabla mwezi haujaisha.

Roho Mtakatifu, mtoaji wa hekima na akili, awaangazie wote wanaojiandaa kwenda masomoni. Niwatakie Dominika njema.

Padre wenu, Paroko