Kijani cha Krismasi Ifakara

Ukitoka Kidatu kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa huwa kulia kwako, imevaa kijani. Bondeni nako, mwezi wa Desemba, ni joto tupu. Tawi la mwembe au mvinje lililokatwa Jumamosi mchana, Jumapili asubuhi limesinyaa.

Mwaka mmoja tulipamba kanisa kwa matawi ndani ya ndoo za maji. Baada ya siku nane nilichungulia, nikaona viluwiluwi vya mbu. Niliona aibu, maana kliniki ndimi niwafundishaye akina mama kutoacha maji yasimame! Mbu aenezaye homa ya dengi hupenda hasa vyombo kama hivyo.

Tangu hapo twafanya hivi. Kata matawi alfajiri, yangali yamejaa maji. Ondoa majani ya chini, kata upya ncha kwa mshazari. Jaza ndoo mchanga safi, uloweshe bila maji kusimama juu, kisha chomeka matawi. Tawi litakunywa, na mbu hatapata pa kutagia. Liweke mbali na jua, ulirashie maji asubuhi na jioni, na mchanga usikauke. Likikauka, litoe upesi, hasa palipo na mishumaa.

Usiende kukata katika Hifadhi ya Udzungwa. Mwembe wa uani watosha.

Mama mwenzangu, tukimwandalia Mtoto Yesu mahali pazuri, tusiwaandalie mbu mahali karibu na watoto wetu.