Gari Moja Si Magari Sita

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Likizo ya Agosti mwaka jana niliinama hadi mgongo ukauma, lakini cha mvunguni sikukipata. Niliambulia deni la shilingi 900.

Mambo yalianzia katika gereji ya mjomba wangu. Ukutani amebandika picha ya kigari cha manjano, milango miwili tu, aliyoikata kutoka jarida kuukuu.

"Hicho ni Toyota S-FR," akaniambia. "Kilionyeshwa Tokyo mwaka 2015. Hata mita nne hakifiki. Injini iko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kilikusudiwa vijana, si matajiri."

Nilikipenda papo hapo. Nikaokota nyaya, vipande vya bati na vifuniko vya chupa, nikatengeneza mfano wake kwa wiki mbili na kuupaka rangi ya manjano. Walahi, ulipendeza! Watoto wa mtaa walipouona walilia kwa wazazi wao. Kufumba na kufumbua nikapata oda ya magari sita, shilingi 300 kila moja, na nusu ya malipo nikatiwa mkononi. Nikakimbilia dukani kununua koleo, rangi na waya. Nilijiona tajiri mtarajiwa!

Lakini wapi! La kwanza nililitengeneza kwa vitu vya kuokota, na muda wangu sikuuhesabu. Haya mengine yalitaka waya wa kununua na magurudumu yanayolingana. Kisha mama mmoja akaniuliza, "Na hizi ncha, mwanangu, si zitamtoboa mtoto macho?" Alikuwa na haki. Nikazikunja ncha zote na kuzifunga mpira. Magari yakawa mazito, nazo siku zikayoyoma. Likizo ilipokaribia kwisha nilikuwa na mawili tu, tena yamepinda. Wenyewe wakayakataa na kudai pesa zao, nami nilikuwa nimezimaliza.

Nilimwendea mjomba nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Alinionyesha ile picha ukutani.

"Wadhani hiki kilifika dukani?"

"Hakikufika?"

"Thubutu! Kilibaki cha maonyesho tu. Sampuli moja hutengenezwa kwa mikono, na hakuna anayeuliza imegharimu ngapi. Kutengeneza maelfu ni jambo jingine, bwana mdogo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari hizi, na nimeona mjomba alisema kweli. Kalibu za kukandamizia bati hugharimu mamilioni, uuze magari mengi au machache. Magari kadhaa lazima yagongeshwe ukutani makusudi ili ijulikane kama abiria watapona. Vyuma vya kumkinga abiria huongeza uzito. Ukitaka kuupunguza kwa alumini, bei inapanda. Basi wepesi na urahisi wa bei vinavutana kama fahali wawili zizini. Isitoshe, mwenye watoto watatu na magunia hanunui gari la milango miwili. Wanunuzi ni wachache na faida kwa kila gari ni kidogo, kwa hiyo kampuni huona heri itengeneze gari kubwa la familia.

Yapo yaliyofaulu. Mazda MX-5 ilizinduliwa Chicago mwaka 1989 na ikauzwa pembe nyingi za dunia. Hata hivyo, ilifikisha magari milioni moja mwaka 2016, yaani baada ya miaka 27! Toyota na Subaru nao walikumbuka kuwa kidole kimoja hakivunji chawa: wakaunda pamoja gari moja la michezo, wakaligawana gharama, na mwaka 2012 kila mmoja akaliuza kwa jina lake.

Hata hapa kwetu tuliyaona, ingawa halikuwa gari la michezo. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Sampuli tano zilitengenezwa, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa. Zilitembea barabarani, ila fedha za kuzitengeneza kwa wingi hazikupatikana. Kumbe waliokwama si wajinga. Walikwama palepale nilipokwama mimi.

Deni langu nililipa Desemba, kwa kuosha vipuri gerejini hadi kucha zikawa nyeusi tititi. Wenzangu, bado ninachora magari, na uhandisi ndio ndoto yangu. Lakini sasa, kabla ya kuchora gurudumu la kwanza, ninageuza karatasi na kuandika nyuma yake: nani atalinunua, wangapi, na kila moja litanigharimu ngapi? Karatasi nyingi zimeishia hapo. Moja bado ninayo, na ninatafuta wenzangu wawili wa kuchanga nao. Mwenye koleo na aje tuzungumze!