Glasi ya maji ya Chardin

Jumatano, 5 Machi 2025, Pittsburgh

Nimeshinda Makumbusho ya Sanaa ya Carnegie, karibu muda wote mbele ya picha moja ya mchoraji Mfaransa Chardin. Ni ndogo, kama sentimita 32 kwa 41. Glasi ya maji, birika la kahawa la udongo, vitunguu saumu vitatu na kijitawi chenye majani. Basi.

Maji ndiyo yaliyonishika. Nimesogea hadi mlinzi akanitazama. Ndani ya glasi hamna buluu wala kijani. Mna kahawia ileile ya ukuta wa nyuma, imefifishwa kidogo, na miguso michache ya nyeupe pale mwanga unapogonga kioo. Ukiwa karibu unaona rangi tu. Rudi nyuma hatua mbili, glasi imejaa maji unayoweza kuyanywa. Ukuta ndio uliomfanyia Chardin kazi, naye alijua aache wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi na penseli. Glasi ni nyembamba chini na inatanuka kwenda juu. Birika ni pana chini na linakuwa jembamba kwenda juu. Kwa hiyo mbavu zao zinazotazamana zimelalia upande mmoja, kama watu wawili wanaopishana mlangoni bila kugusana. Utulivu wote wa picha umekaa katika nafasi ile nyembamba iliyo kati yao. Nimeichora hiyo nafasi peke yake, vyombo nimeviacha.

Jumapili, 9 Machi

Ufaransa ya wakati wa Chardin iliwapanga wachoraji kwa madaraja: picha za historia na dini juu kabisa, za vitu visivyo na uhai chini kabisa. Mwaka 1728 aliingia Akademi ya wachoraji kama mchoraji wa wanyama na matunda. Baadaye akawa mtunza hazina wa Akademi hiyo, na mwaka 1757 mfalme akampa makazi katika kasri la Louvre. Picha hii ni ya mwaka 1761 hivi, naye ni mzee wa miaka kama 60, mwenye jina kubwa. Angeweza kupanga fedha na kaure mezani. Akaweka saumu, akazipa uangalifu ambao wengine waliuweka akiba kwa ajili ya nyuso za wafalme. Kwangu huo ni ujasiri, si unyenyekevu.

Kesho wanafunzi wangu watachora glasi moja ya maji. Rangi nyeupe nitaificha mpaka wamalize ukuta.