Vichwa vya Watu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Mzigo umefika salama, na kanga nimeipenda. Baba yako hajambo, ni mguu tu unaomsumbua asubuhi. Sasa nikujibu yale uliyonisimulia kwenye simu, maana siku ile nilicheka, na sitaki kicheko changu ukigeuze ruhusa.

Ulikuwa na vichwa vitatu. Dada wa ofisini kwenu, ambaye ulisema nywele zake za mbele zimehama na paji limeshafika Chalinze. Mama wa daladala aliyekaa mbele yako kutoka Mbagala mpaka Kariakoo na mistari yake minne minene. Na mtoto wa jirani mwenye mabaka ya duara kichwani, uliyembatiza ramani ya dunia. Halafu ukajitetea: "Lakini shangazi, mimi simsemi mtu. Naangalia tu, nasema moyoni."

Nimesuka watu hapa Ngamiani tangu usichana wangu mpaka vidole vilipoanza kukataa. Mteja mgeni, akishakaa kwenye mkeka na kabla hajafungua kilemba, huomba radhi. "Samahani dada, nywele zangu mbaya." "Usinicheke, sijachana siku nyingi." Mwalimu, muuza dagaa, bibi harusi mtarajiwa, hata mke wa mkubwa mmoja aliyeletwa na dereva. Wanamwomba radhi mtu wanayemlipa! Mwenye baiskeli hamwombi fundi radhi kwa sababu ya pancha. Nikiwauliza nani aliwahi kuwatukana nywele, wengi hawamkumbuki mtu. Hawakuambiwa neno. Waliangaliwa. Jicho linapanda mpaka kwenye paji, linatua kidogo, linashuka, na mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Mwenye kichwa ameshaona. Kwa hiyo hilo la moyoni si siri yako kama unavyodhani.

Na sheria unayohukumia, umeipata wapi? Mimi nimeishi vya kutosha kuiona ikigeuka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na mikorogo vikapigwa marufuku kwa madai kwamba haviendani na utamaduni wetu. Mwanamke mwenye wigi alionekana amepotoka. Baadaye ukaja mtindo wa kalikiti, na asiyeng'aa mafuta mpaka kwenye kola ya gauni akaonekana wa shamba, ingawa makochi ya watu yaliharibika vibaya kwa mafuta yale. Ikaja dawa, kila mtu akaunguza utosi ili nywele zilainike. Leo nyinyi vijana mnasifu nywele za asili, na mwenye dawa ndiye anayesemwa moyoni, wakati asiye na wigi kwenye ofisi nyingine anaulizwa kama anaumwa. Wanaume nao wamo. Baba yako huyo anayecheka mawigi, muulize lile piko analopaka ndevuni kabla ya kila harusi ni la nini.

Wewe sikulaumu sana. Ulinyolewa miaka yote ya shule, ukamaliza kidato cha nne hujui nywele zako zinaota vipi, kisha ghafla ukaachiwa kichwa chako na picha za watu wa kujilinganisha nao. Hukufundishwa kuzijua nywele, ulijifunza kuzipa alama. Nywele zetu za kipilipili hujikunja tangu zinapotoka kwenye ngozi. Mafuta ya utosini hayateremki kwa urahisi kufuata mizunguko ile, ndiyo maana zinakauka, na penye kona ndipo zinapokatika chanuo likipitishwa kwa nguvu. Zinaota, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, pengine pungufu kidogo, ila zimejikusanya, hivyo mtu anadhani zimegoma. Hapo hakuna uvivu wala uchafu.

Turudi kwa dada wa ofisini. Nywele za mbele na za pembeni ni nyembamba kuliko za katikati. Zikivutwa na rasta nzito, au zikishonewa weaving ya kukaza, mwezi baada ya mwezi, mzizi huchoka. Kwanza hutoka vipele vidogo, na usiku kichwa kinawaka hata mto haulaliki. Akifumua wakati huo na kupumzisha, zinarudi. Akiendelea miaka, ngozi inafunga kovu na hapo hazioti tena, apake kitunguu, apake mafuta ya nyonyo, apake atakacho. Sasa jiulize kwa nini anaendelea kuvuta. Kwa sababu ameshajua kwamba nywele zake zenyewe ni za kufichwa. Zikipungua anaficha zaidi, anashona juu ya palepale panapouma, anamwambia msusi akaze ili ikae mpaka mwisho wa mwezi. Nimewasuka wa namna hiyo wengi, na ukiwashauri wapumzike hata wiki mbili wanakwambia, "Nitatokaje nje?" Wanaogopa macho, mwanangu, na moja ya macho hayo ni lako. Jicho lako la kimya ndilo linalomrudisha kwa msusi.

Tena pengine rasta hazihusiki kabisa. Ana mtoto mchanga? Mimba hushikilia nywele zisidondoke kama desturi. Mama akishajifungua, mwezi wa tatu au wa nne hivi, zile zilizoshikiliwa huanguka kwa wingi, na mbele ndiko panakoonekana haraka. Baadaye huota zenyewe. Homa kali nayo, taifodi au malaria iliyomlaza mtu kitandani, hupukutisha nywele miezi miwili mitatu baada ya kupona, wakati watu wameshasahau kwamba aliugua. Wapo pia wanaotibiwa saratani Ocean Road: dawa zake nyingi huondoa nywele ndani ya wiki chache za mwanzo, na mgonjwa anavaa wigi na kwenda kazini ili asiulizwe. Katika hayo yote wewe ulikuwa unajua lipi? Ulijua Chalinze tu.

Yule mama wa daladala ulimwona kwa dakika arobaini, kisogo peke yake. Mistari ile ni twende kilioni, nawe unaijua, bibi yako alikusuka hivyo ulipokuwa mdogo. Husukwa chapuchapu habari ikishafika, ili mtu asiende msibani na kichwa kilichotimka. Huenda alikuwa anatoka kuzika. Huenda hakufiwa, alikuwa tu na nusu saa na binti wa kumsuka, na fedha ya rasta aliitoa kwenye ada. Vyovyote iwavyo, kichwa kilikuwa kimechanwa na kusukwa, sijui ulitaka nini zaidi kutoka kwake.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na mimi siwezi kukuagiza uyafumbe. Mtu akija mbele yako utamwona kichwa. Nakuomba uanzie usoni, umsikilize alilokuja nalo, na jicho likipanda juu ulishushe bila kulipa nafasi ya kutua. Usimwulize mtu mbele za watu, "Nywele zako zimekuwaje?" Usimpelekee jina la mafuta ambayo hakukuuliza. Na ukiwa na wenzako, ile tabia ya kutazamana baada ya mtu kupita mlangoni iache. Naijua, nimeifanya na wasusi wenzangu na nimewaona wakiifanya, ni maneno yaliyovaa ukimya.

Mtoto wa jirani ndiye hasa aliyenifanya nichukue kalamu, maana hapo ukimya wako ni kosa la aina nyingine. Ulivyoeleza, mabaka ya duara, nywele zimekatika chini kabisa, maganda meupe, anajikuna, hayo yanafanana na mapunye. Ni ukungu, na unaambukiza. Atawapa ndugu zake kwa kofia, kwa chanuo na kwa mto mmoja. Mama yake labda anampaka krimu ya dukani na kushangaa haiponi. Ukungu huo umeingia mpaka ndani ya unywele, kwa hiyo krimu peke yake haiufikii. Kwa kawaida madaktari humpa mtoto dawa ya kumeza, tena kwa wiki kadhaa, na akiacha katikati unarudi. Akicheleweshwa sana, sehemu nyingine zinaweza kubaki na kovu.

Basi Jumamosi nenda kwao, usitume ujumbe. Usianze na mtoto. Kaa, uliza habari za nyumbani, mtoto akitoka nje kucheza ndipo umwambie mama yake, kwa sauti ya chini, kwamba shangazi yako aliyekuwa msusi ameona mengi ya namna hiyo na yanatibika. Kama ana haya ya kwenda zahanati, jitolee kumsindikiza. Mwambie kila mtoto awe na chanuo lake, na foronya azichemshe. Ukisharudi nipigie simu uniambie daktari alisemaje, na kama nauli ilikuwa tatizo nitawatumia.

Shangazi yako